Orodha ya Mashujaa Wetu

Kesho asubuhi majina yanatakiwa kwa chifu, na kwa kuwa mimi ndiye katibu, kazi ya kuyaandika yasomeke ni yangu. Yatasomwa Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, baada ya hotuba na kabla ya soda. Siku yenyewe ilikuwa Sikukuu ya Kenyatta mpaka katiba ya 2010 ilipoamua kwamba mashujaa ni wengi. Kwa hiyo sisi wa Eastleigh, hapa Nairobi, nasi tuna wetu, na kila mmoja atapata cheti na fulana.

Kikao cha leo kilianza vizuri. Chai ya rangi ilizunguka, dua ikaombwa, kisha mwenyekiti akafungua na swali lililoninyima usingizi: "Wasomali tuwape wangapi?"

Basi ikawa ni kugawana. Wasomali wapewe watatu, Wakikuyu wawili, Wameru wawili, Wakamba mmoja, Waborana na Waoromo waelewane wenyewe juu ya nafasi moja. Mzee mmoja akauliza, na Wahindi je, si nao ni kabila la 44 la Kenya tangu 2017? Watu wakacheka, lakini Mhindi akaongezwa. Hakuna aliyekuwa ameuliza nani alifanya nini.

Sisemi mgawo hauna maana. Aliyeona mwaka 2014, wakati wa msako wa polisi dhidi ya ugaidi, majirani wakisombwa kwa malori hadi uwanja wa Kasarani, wengine wana vitambulisho mfukoni, anajua kwa nini Msomali wa hapa anataka kusikia jina la mwenzake likisomwa mbele ya serikali. Hilo nalielewa kabisa. Kinachonikera ni kwamba tunawatuza watu kwa kuvuka mipaka ya kabila, halafu ili tuwatuze tunawarudisha kila mmoja kwenye boma lake.

Chukua huyu mama Mborana wa ploti ya nyuma. Ni mhudumu wa afya ya jamii. Tangu 2023 wahudumu wamepewa mkoba wa vifaa, simu na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti, ikifika. Kabla ya hapo alipanda ngazi hizo hizo bila senti, tena akijinunulia salio. Majuzi niliandamana naye orofa ya nne kwa mama mgeni aliyetoka Ethiopia. Alimzungushia mtoto ule utepe wa rangi tatu wa kupimia utapiamlo kwenye mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, akauvuta taratibu. Ukasimama kwenye njano, yaani lishe ya mtoto imepungua. Hakusema kitu. Aliukunja, akauliza habari za maziwa, akambeba mtoto mwenyewe mpaka kliniki.

Huko kliniki mama alieleza kwa Kioromo, maneno mengi na machozi ndani yake. Muuguzi, msichana wa Kikamba, akawa anangoja. Mama yetu Mborana akatafsiri: "Mume hayupo, chakula ni mara moja kwa siku." Basi. Yale mengine aliyabakiza moyoni, na nadhani ndiyo sababu milango ya Wajaluo, Wasomali na Wakisii inafunguka akibisha.

Leo nafasi ya Waborana na Waoromo imekwenda kwa mfanyabiashara aliyechangia mahema. Mtu mwema, sina neno naye. Lakini mahema yana risiti.

Nilipendekeza kila jina lipendekezwe na mtu wa kabila jingine, aliyehudumiwa na huyo anayetajwa. Kimya kikatanda kidogo. Mwenyekiti akasema, "Katibu, wazo zuri sana. Hiyo tuiweke ya mwakani."

Jioni nilimpitia mama huyo kwake, akiwa anapika anjera, nikamdokezea habari za cheti. Akauliza kama kinaweza kuharakisha posho. Nikamwambia sidhani. "Basi wape wanaotaka fulana," akasema, na akaniongezea chai.

Fomu ya chifu ina safu ya jina, simu, kazi aliyofanya, na jamii, yaani kabila. Nimejaza zote, ila hiyo ya mwisho nimeiacha tupu kuanzia juu hadi chini. Jina lake nimeliweka la kwanza. Mwenyekiti akitaka kulifuta, alifute kwa kalamu yake mwenyewe, chifu akiwa anatazama.