Daftari langu la hewa, Leicester: kuanzia Novemba hadi katikati ya Januari

Mradi unakwenda vizuri. Kisanduku cheupe kimesimama nyuma ya nyumba, mbali na ukuta, na kipimajoto kilichomo kiko mita 1.25 juu ya nyasi, kimo kinachotumiwa na vituo vya hali ya hewa vya hapa Uingereza. Kuta zake ni vibao vilivyolazwa mshazari, mtindo uliobuniwa na mhandisi Thomas Stevenson katika karne ya 19, ili hewa ipite lakini jua na mvua zisikiguse kipimajoto. Kipimamvua nimekichimbia katikati ya uwanja, mdomo wake ukiwa sentimita 30 kutoka ardhini. Kikikaa chini zaidi, matone yanayoruka kutoka udongoni huingia ndani. Kikikaa juu zaidi, upepo hupeperusha matone na mvua haipimiki yote.

Nasoma vyote saa tatu asubuhi kwa saa za Greenwich, kama wafanyavyo vituoni. Muda huo Tanga ni saa sita mchana, na mara nyingi mama hupiga simu nikiwa bado na kalamu mkononi. "Leo mmeliona jua, mwanangu?" Ndilo swali lake la kwanza siku zote, na sasa nina cha kumjibu: namwambia jua litatoka saa ngapi, na aghalabu linatoka.

Nimekulia pwani. Kule kaskazi ikishaingia Desemba, watu wanajua itakaa hadi Machi, na kusi nayo ikishika zamu haina haraka. Hapa upepo unaweza kugeuka mara tatu kabla ya magharibi. Ndiyo maana safu ya kwanza ya daftari langu ni upepo, joto linafuata. Nimeridhika kabisa kwamba hewa ya Uingereza, ambayo kila mtu huilalamikia kuwa haina mpango, inao mpango wake, na unaanzia pale upepo unapotoka. Ukitoka kusini-magharibi umepita juu ya Atlantiki upande wa visiwa vya Azores: mawingu mazito ya chini, manyunyu yasiyokwisha, na usiku wa Januari wenye nyuzi 11. Ukitoka kaskazini-magharibi, upande wa Greenland na Kanada, ni jua, kisha mvua ya ghafla, pengine na mawe, kisha jua tena. Wa mashariki ni mkavu na unapenya koti.

Siku moja ya Desemba nimeipa ukurasa mzima. Asubuhi ilikuwa nyuzi 11, manyunyu, upepo wa kusini-magharibi, na mgandamizo wa hewa ulikuwa ukishuka kila nilipoutazama. Kwenye mnara wa kanisa la mtaani kwetu kuna jogoo wa chuma ambaye mdomo wake huelekea upepo unakotoka. Saa nane mchana giza lilitanda upande wa magharibi, mvua ikapiga kwa nguvu kama robo saa, maji yakajaa mifereji ya barabarani. Nilikuwa dirishani namtazama jogoo. Alitikisika, akarudi, akatikisika tena, halafu akageuka moja kwa moja kuelekea kaskazini-magharibi na kutulia hapo. Mvua ikakatika. Mawingu yakafunguka kama pazia, anga la buluu likaanzia magharibi kuja kwetu, na mgandamizo ukaanza kupanda. Saa tisa kipimajoto kilisoma nyuzi 5. Hewa baridi na nzito ilikuwa imejipenyeza chini ya ile ya uvuguvugu na kuisukuma juu; mvua ile kali ndiyo ilikuwa mpaka wao, nao ulipita juu ya paa letu. Sijawahi kufurahia kuloa nguo zilizoanikwa kama siku ile.

Usiku uliofuata ulinipa somo la pili. Anga lilikuwa jeupe, upepo umelala. Asubuhi kipimajoto cha kisandukuni kilionyesha kuwa usiku joto halikushuka chini ya nyuzi 2, lakini vioo vya magari vilikuwa vimeganda na mzee jirani yangu alikuwa akikwangua chake kwa kadi ya plastiki. Kipimajoto cha pili, nilichokilaza juu ya nyasi, kilikuwa kimeshuka hadi nyuzi 3 chini ya sifuri. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani bila kizuizi, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hujikusanya chini. Kwa hiyo utabiri ukisema nyuzi 2 au 3, anga safi na upepo kidogo, mwenye gari aamke mapema.

Mwanzoni mwa Januari tulipitiwa na dhoruba. Dhoruba za hapa hupewa majina tangu 2015, lakini huku kwetu katikati ya nchi tulipata makali yake kidogo tu: matawi barabarani na pipa la taka lililosafiri hadi kona.

Jambo moja bado linanishangaza. Leicester na Irkutsk ya Siberia ziko karibu latitudo moja, na Januari maji ya Ziwa Baikal huko yanaganda. Hapa nyasi za uwanja wangu ni mbichi. Tofauti hiyo inaletwa na bahari ya Atlantiki na pepo za magharibi zinazobeba joto lake. Zikikatika, tunapata hewa ya bara. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa Februari 2018, upepo wa kutoka Urusi ulipoleta theluji sehemu nyingi za nchi.

Hatua inayofuata ni kuusubiri upepo huo wa mashariki. Jogoo akielekea huko siku mbili mfululizo huku mgandamizo ukiwa juu, nitasoma vipimajoto vyote viwili kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Betri za tochi nimeshanunua.