Anwani za zamani tuziache mpaka lini? Uzoefu wangu na tovuti ya duka la mbegu

Niko Kisumu, lakini mmoja wa wateja wangu ana maduka ya pembejeo Bungoma, Webuye na Kitale. Tulipoitengeneza tovuti yake upya, karibu kila ukurasa ulipata anwani mpya. Mahindi ya H614 yalikuwa yakikaa kwenye index.php?page=mbegu&id=14; sasa yako /mbegu/mahindi/h614. Nikaandika kwenye faili moja ya seva sheria za 301, yaani jibu ambalo seva humpa mgeni kwamba ukurasa umehama kabisa, aufuate kule. Ubishi ulizuka baadaye, fundi mpya wa seva alipotaka faili ile ya sheria ifutwe. "Miezi sita imeisha, Google ishajua," akasema.

Hiyo miezi sita najua alikoitoa. Google ina kifaa cha kutangaza kwamba tovuti imehamia domeni nyingine, yaani jina jingine kuu la tovuti, na tangazo hilo hudumu siku 180. Sisi hatukuhama domeni. Kuhusu 301 zenyewe, ushauri wa Google ni kuziacha kadiri inavyowezekana, kwa kawaida angalau mwaka 1, na kwa ajili ya watu, hata daima.

Ila mimi nilikuwa na sababu iliyo karibu zaidi na udongo. Huku magharibi watu hutafuta mbegu mvua za masika zikikaribia, kuanzia Februari hivi, wakapanda Machi na Aprili. Ukizipima anwani za zamani kuanzia Juni hadi Novemba utaona kimya, utadhani zimekufa. Mkulima aliyehifadhi kiungo cha H614 hana haja nacho wakati mahindi yako shambani. Kwa biashara ya msimu, kipimo chochote kisichopita juu ya msimu wenyewe hakikuambii kitu.

Kwa hiyo tukangoja, kisha nikazisoma logi za seva, yaani orodha ya kila ombi lililoifikia, za kipindi cha upanzi. Roboti, yaani programu zinazozunguka mtandaoni zenyewe, zilikuwa nyingi, na hizo hazinishughulishi. Nyingi hujitaja jina zenyewe. Walionivutia ni wageni wa simu za Android waliofika kwenye anwani za zamani bila alama ya walikotoka. Mara nyingi huo ndio mwendo wa mtu aliyebofya kiungo ndani ya WhatsApp au aliyepiga picha msimbo wa QR. Na msimbo tulikuwa nao: ulichapishwa kwenye kalenda za duka, zile zinazoning'inia ukutani hata mwaka wake ukishapita. Kulikuwa pia na maombi yaliyojitambulisha kwa jina la WhatsApp lenyewe, dalili kwamba mtu ndiyo kwanza anabandika kiungo cha zamani kwenye gumzo na programu inakwenda kuchukua picha ya kuonyesha.

Tena hesabu hiyo ni ya chini kuliko hali halisi. Kivinjari kikishapewa 301 huweza kuikumbuka kwa muda mrefu, na safari ijayo kikaenda anwani mpya moja kwa moja bila kuigusa ile ya zamani. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayonifanya nianze na 302, ya muda, siku za mwanzo hadi niwe na hakika kila sheria inapeleka panapotakiwa. 301 iliyokosewa ukiirekebisha kwenye seva, bado inaweza kubaki ndani ya simu za watu.

Mwenye duka ni mwalimu mstaafu, na kila mtu humwita hivyo. Nilipomweleza mvutano wetu aliuliza swali moja tu.

"Hiyo faili inanigharimu pesa ngapi kwa mwezi?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Sasa mnaifukuzia nini?"

Hata hivyo fundi hakukosea kabisa. Faili ilikuwa imevurugika. Kulikuwa na sheria za ukarabati wa zamani zaidi, hivyo anwani moja ilipeleka kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu. Googlebot, roboti ya Google, huvumilia hatua hadi 10, lakini mtu mwenye mtandao hafifu kijijini hulipa kila hatua kwa kusubiri. Nikaziandika upya zote zielekee mwisho wa safari moja kwa moja. Bidhaa zisizouzwa tena sikuzipeleka ukurasa wa mwanzo, kwa sababu Google huweza kuhesabu hilo kama ukurasa usiopatikana na mkulima naye huachwa akishangaa; nikazipa 410, kwamba kimeondolewa, pamoja na maelezo ya mbegu mbadala. Kisha nikazitoa sheria zote kwenye faili ile, .htaccess, ambayo Apache, programu ya seva yetu, huisoma upya kwa kila ombi, nikaziweka kwenye usanidi mkuu. Kazi iliyonila muda ni zile anwani zenye alama ya kuuliza: amri ya kawaida ya Redirect haitazami kinachofuata alama hiyo, ikabidi nitumie amri ya RewriteCond inayokitazama, na kuongeza alama ya QSD ili mkia wa zamani usiburutwe hadi anwani mpya.

Fundi aliridhika alipoona faili imekuwa nadhifu. Sasa tumekubaliana kwamba hakuna sheria itakayofutwa kabla ya kupitiwa na misimu miwili ya upanzi bila mgeni hata mmoja asiye roboti. Zile za kalenda hatuzigusi kabisa. Na kwenye toleo jipya la kalenda, msimbo wa QR unaelekea anwani fupi isiyotaja jina la ukurasa wowote, ili nikibadilisha tovuti tena nibadilishe mstari mmoja tu.