Nilivyoiongoza Fire TV Stick bila rimoti, Wete

Mama alipohama Mwanakwerekwe, Unguja, kurudi kwao Wete, Pemba, televisheni yake ilifika salama, pamoja na Fire TV Stick, kile kijiti cha Amazon kinachochomekwa kwenye TV ili ionyeshe vipindi vya mtandaoni. Rimoti ya stiki haikufika. Tulipekua masanduku, mapakacha, hata mifuko ya nguo tuliyoteremka nayo bandarini, wapi! Rimoti ya televisheni ilikuwepo, lakini ilikuwa ikiwasha TV na kuongeza sauti tu. Ukibonyeza mshale, kwenye ukurasa wa stiki hakisogei kitu.

Kwangu lilikuwa jambo kubwa. Mama magoti yanamsumbua, hatoki sana, na baada ya isha anachokitaka ni kuitazama Makka moja kwa moja kupitia YouTube. Saa za kule na za kwetu ni zile zile, kwa hiyo akishamaliza kuswali hukaa na tasbihi yake akiwaangalia wanaotufu. Usiku wa kwanza Wete alikaa mbele ya kioo kilichoandika kwamba hakuna mtandao. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Asubuhi nikaenda dukani. Kijana wa dukani akanitolea rimoti ya kila TV, akasema, "Hii, ami, inakubali zote." Ilikuwa nzima kweli: nilipoielekeza kwenye kamera ya simu na kuibonyeza, nikaiona taa yake ya mbele ikimetameta zambarau, mwanga ambao kwa macho hauonekani. Huo ndio unaopeleka amri, na ili uifikie mashine, mashine lazima iwe na jicho la kuupokea. Fire TV Stick haina jicho hilo. Inachomekwa nyuma ya televisheni, na rimoti yake huwasiliana nayo kwa Bluetooth. Kwa hiyo rimoti ya kila TV, hata iwe nzuri vipi, kwa stiki haifai. Nilimweleza, akaelewa, akairudisha kabatini.

Ipo programu ya Fire TV ya kuweka kwenye simu, na simu ikawa rimoti kamili, ina mishale na hata kibodi. Sharti lake ni simu na stiki ziwe kwenye waifai moja. Hapo ndipo penye fundo. Stiki ilikuwa inaujua mtandao wa Mwanakwerekwe peke yake. Kuiingiza kwenye rauta ya Wete kunataka rimoti, na simu haiwi rimoti mpaka stiki iwe mtandaoni.

Kilichonifungulia njia ni hiki: stiki haijui nyumba wala rauta. Inachokumbuka ni jina la waifai na neno lake la siri. Umeme ukikatika na kurudi, inatafuta jina lile lile, ikilipata na neno la siri likakubali, inaingia. Basi nikaamua kuipa jina hilo kutoka kwenye simu yangu, kwa hotspoti, yaani simu kuugawa mtandao wake kama waifai.

Nikampigia dada, ambaye bado yuko Mwanakwerekwe. Simu yake ilikuwa imeuhifadhi mtandao ule. Akafungua sehemu ya kushiriki waifai, ikatoka ile picha ya vidoadoa vya kuskani, na chini yake neno la siri limeandikwa.

"Dada, jina linaanza kwa herufi kubwa au ndogo?"

"Kubwa. Halafu katikati pana kistari cha chini."

"Cha chini, si cha kati?"

"Cha chini, mdogo wangu. Andika nikutazamie."

Nilimtumia nilichoandika, akakithibitisha herufi moja moja. Hapa usione tabu kuuliza, kwa sababu herufi kubwa badala ya ndogo inatosha stiki isiutambue mtandao. Kwenye hotspoti nikachagua WPA2, ambayo ni aina ya ulinzi wa waifai, na mawimbi ya 2.4 GHz, ambayo hata stiki za zamani huyapata. Mwenye iPhone, jina la hotspoti ni jina la simu yenyewe, kwa hiyo hulibadilisha kwenye sehemu ya jina la simu.

Nikachomoa waya wa umeme wa stiki, nikaurudisha. Tukasubiri. Mara kwenye simu yangu pakaandika kwamba kifaa kimoja kimeunganishwa.

Simu ya pili ndiyo iliyofanya kazi ya rimoti, maana inayogawa mtandao mara nyingi haikioni kifaa ilichokipokea. Mpwa wangu akatoa yake, akajiunga na hotspoti, akaweka programu. Kwenye programu tuliingia kwa akaunti ile ile ya Amazon iliyomo kwenye stiki, nayo ni ya kaka aliyeko Uingereza, aliyemnunulia mama. Tukampigia, akatusomea namba ya uthibitisho iliyomfikia. Stiki ikatokea kwenye orodha, tukaigusa, na kwenye televisheni zikajitokeza tarakimu nne. Mpwa akaziandika, akabonyeza mshale wa chini.

"Mjomba, inakwenda!"

Tukaingia kwenye mipangilio, upande wa mtandao, tukachagua rauta ya Wete na kuandika neno lake la siri kwa kibodi ya simu. Stiki ilipohamia tu, programu ikanyamaza. Hapo wengi wangedhani wameharibu. Ni kwamba stiki imeshahama na simu imebaki kwenye hotspoti. Mpwa akahamisha simu yake kwenye rauta ile ile, stiki ikaonekana tena. Nikazima hotspoti, bando langu likapumzika.

Baadaye jirani alipatwa na mkasa kama wetu, na kwake tulimaliza kabla chai haijapoa. Televisheni yake ni Samsung, nayo ina kile kinachoitwa HDMI-CEC, kinachoipitisha amri ya rimoti ya TV kwenye tundu la HDMI, ambamo stiki imechomekwa. Samsung wanakiita Anynet+, LG wanakiita SimpLink, Sony ni Bravia Sync. Tulikiwasha kwenye mipangilio ya TV, na mishale ya rimoti yake ikaanza kuiongoza stiki. Televisheni ya mama haina kitu hicho. Kama unaye ndugu au jirani mwenye TV yenye kitu hicho, ichukue stiki yako kwake kwanza. Huko huko kwake washa hotspoti yenye jina na neno la siri la waifai ya kwako, uiunganishe stiki, na ikirudi nyumbani itaingia yenyewe.

Kaka ametuma rimoti mpya na mgeni aliyekuja likizo. Niliisogeza karibu na stiki, nikashikilia kitufe chenye alama ya nyumba kwa sekunde kumi, zikatambuana. Programu bado ipo kwenye simu ya mama mwenyewe, na anaitumia zaidi kuliko rimoti, kwa sababu jina la sura ya Qur'ani anayoitaka hulisema kwenye maikrofoni ya simu, halimlazimu kutafuta herufi.