Ngege Watano Waliokataa Kuondoka

Ninafundisha Gredi ya Kwanza hapa Kisumu, na ninaweza kusema bila kujivuna kupita kiasi kwamba somo la kutoa halinitoi jasho tena. Mwanzoni lilinitoa. Mwenzangu aliyenitangulia kazini alinishauri hivi: "Mwalimu, chora vitu vitano, vipige viwili msalaba, watoto wataona vitatu vimebaki. Hakuna jingine." Ushauri huo niliubeba kama yai.

Nilinunua karatasi ya manila na kalamu za rangi kwa shilingi mia mbili na kitu, nikakesha nikichora ngege watano wanene wenye magamba na mapezi, kwa kuwa mtoto aliyezoea kuona samaki wakishushwa kwenye ufuo wa Dunga anamjua ngege kuliko tofaa lililojaa vitabuni. Asubuhi niliwapiga wawili msalaba mwekundu, nikauliza kwa sauti ya mshindi: "Tano toa mbili, wamebaki wangapi?"

"Watano!" darasa zima likajibu.

Niliwaamuru wahesabu upya, wakahesabu kwa kuelekeza vidole, wakafika watano tena. Hapo msichana mmoja, ambaye mama yake hukaanga samaki kando ya barabara, alisimama kuninusuru: "Mwalimu, hao wawili wamechanjwa tu. Bado hawajaingia kwenye mafuta."

Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza, maana alisema kweli. Chuoni tulifundishwa maelezo ya mwanasaikolojia Jerome Bruner ya miaka ya 1960, kwamba mtoto huanza kwa kushika vitu, akaendelea kwa picha, ndipo akafikia alama, lakini hakuna aliyenitahadharisha kwamba msalaba juu ya picha ni alama iliyojificha ndani ya picha. Kwa mtoto wa miaka sita, samaki anayeonekana yupo.

Kesho yake nilichora ubaoni kwa chaki na kufuta wawili. Walijibu "watatu" vizuri sana, nami nikaanza kujipongeza, mpaka nilipouliza walikuwa wangapi mwanzoni na wangapi walioondoka. Kimya. Kumbe walikuwa wakihesabu tu waliobaki, na hilo si kutoa. Msalaba haukumwondoa samaki, na ufutio ulimwondoa pamoja na kumbukumbu yake.

Ndipo nikabuni sufuria. Niliichora kwenye kipande cha katoni kilichokuwa kikitupwa dukani, nikaibandika juu ya manila kwa gundi kwenye kingo tatu, upande wa kushoto nikauacha wazi kama mfuko. Ngege watano niliwachora upya, wadogo, kwenye ukanda mmoja wa karatasi ngumu unaoteleza na kuingia ndani ya mfuko huo. Ukisukuma ukanda, samaki wawili wanamezwa na sufuria na watatu wanabaki nje. Ukiuvuta, watano wote wanarudi. Hakikisha sufuria ni pana kiasi cha kuwameza wote, kwa sababu ya kwanza ilikuwa nyembamba na vichwa vilitokeza. Yule msichana nilimteua kuwa mpishi. Alisukuma, akatangaza, "Nimekaanga wawili," na mwenzake akaandika ubaoni 5 − 2 = 3.

Sifuri ilitugharimu kipindi kizima. Mvulana mmoja alisukuma ngege wote ndani, akaandika 5 − 5 =, akaweka chaki chini. "Mwalimu, hakuna kitu. Sasa niandike nini?" Sikuwa na jibu la haraka, na ninashuku wengi wetu hatuna.

Mchezo wanaoupenda zaidi ulizuka kwa bahati. Nilisukuma ukanda nikiwa nimewapa mgongo, nikageuka na kuwaonyesha watatu waliobaki, kisha nikauliza wangapi wako ndani. Wengine walibahatisha, lakini wachache walihesabu kwa vidole kutoka tatu hadi tano, tukavuta ukanda kuhakiki. Hapo niliamini kwamba wameelewa.

Msalaba nao nilirudi kuufundisha wiki mbili baadaye, kwa kuwa vitabu vya mazoezi vimejaa misalaba, na safari hii haukuleta taabu yoyote. Tatizo ni kwamba darasa langu limekataa neno "toa". Mzazi mmoja alikuja kuniuliza, kwa upole lakini kwa wasiwasi, ni hesabu gani hiyo ambayo mwanawe anaisoma nyumbani kwa sauti: "Saba chanja tatu, nne."