Namba niliyoitaja

Leo ni siku ya tisa tangu nifanyiwe upasuaji wa bawasiri, na bado kuna neno moja linalonirudia kila nikifumba macho: tatu. Nililitamka mwenyewe asubuhi ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, muuguzi akiwa ameshika kalamu, na mdogo wangu akiwa amesimama mlangoni na mkoba wangu begani.

"Kuanzia sifuri hadi kumi, dada, maumivu yako unayapa ngapi?"

"Tatu."

"Tatu kweli?"

"Tatu."

Aliitazama mikono yangu, iliyokuwa imeng'ang'ania ukingo wa kitanda, kisha akaandika. Maumivu yalikuwa saba, pengine nane. Ninyi mnaomfahamu mdogo wangu mnaelewa kwa nini sikuweza kusema hivyo mbele yake, kwa sababu tangu Mama alipougua, kila nikikunja uso yeye huacha kula. Lakini namba ile iliingia kwenye karatasi, na kwa kuifuata karatasi hiyo nikapewa parasetamoli peke yake pamoja na dawa ya kulainisha choo. Wiki hii kaka yetu amefunga ndoa na barua yangu ya uhamisho imefika, na yote mawili nimeyapokea nikiwa nimelala ubavu, nikiirudia ile "tatu kweli?" na kujiuliza kwa nini nilijibu haraka kiasi kile.

Nililipia jibu hilo usiku wa tatu, nilipopata haja kubwa kwa mara ya kwanza. Kwa hofu ya chooni nilikuwa nimekula kidogo sana na kunywa maji kidogo zaidi, jambo ambalo lilikifanya choo kuwa kigumu. Nilitetemeka ukutani kwa karibu saa nzima baada ya kumaliza, maana maumivu ya aina hii hayaishi pale haja inapoisha: msuli unaobana njia ya haja hujikaza kwa sababu ya kidonda, mkazo huo huzidisha maumivu, nayo maumivu huukaza msuli upya. Sehemu ya ndani ya njia hiyo haihisi mkato kama ngozi inavyohisi, ndiyo maana bawasiri ya ndani ilinitoa damu miaka yote ile bila kuniuma. Lakini chini kidogo, karibu na ukingo, neva za hisia ni nyingi mno, na kidonda changu kimefika huko.

Kulipopambazuka nilipiga simu wodini. Akapokea muuguzi yuleyule.

"Mdogo wako yuko karibu?" aliniuliza kabla ya jambo lolote.

"Hayupo."

"Basi niambie namba."

"Tisa."

"Asante, dada."

Nililia, na si kwa maumivu. Alikuwa ameliona jambo lile tangu mwanzo, hakunisuta, akaningoja niwe peke yangu. Aliniuliza kama nina vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, kisha akazungumza na daktari wa zamu, ambaye aliniongezea ibuprofeni ya kumeza baada ya chakula na marhamu ya diltiazemu ya kuulegeza ule msuli. Dawa kali za jamii ya afyuni hakutaka kuanza nazo, kwa kuwa hufunga choo, na choo kikifunga tunarudi palepale. Parasetamoli nikaambiwa niimeze kwa saa, gramu 1 kila baada ya saa 6 na isizidi gramu 4 kwa siku, bila kungoja maumivu yapande kwanza. Nilikuwa nikiimeza pale tu niliposhindwa kuvumilia, nikidhani kwamba huko ndiko kuitumia vizuri.

Kilichonisaidia kuliko nilivyotarajia ni beseni la maji ya vuguvugu. Nakaa humo dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku na kila baada ya haja, maji matupu bila chumvi wala dawa ya kuua vijidudu, na ninahisi kabisa ule msuli ukiachia. Baadaye najikausha kwa kugusagusa kitambaa laini, sisugui. Sasa nakula vyakula vyenye nyuzinyuzi, nakunywa maji mengi, na chooni sikai muda mrefu wala sijikamui. Muuguzi alinionya kwamba hata katika wiki ya pili damu inaweza kutoka, na kwamba ikiwa nyingi au yenye mabonge, au nikipata homa, au mkojo ukigoma, nisipige simu tena bali niende moja kwa moja.

Asubuhi ya leo maumivu yalikuwa tano, jioni hii ni mbili. Wakati wa chakula nilimweleza mdogo wangu namba zote, hata ile tisa. Aliweka kijiko chini, akanyamaza, halafu akakichukua tena akamaliza sahani yake, ndipo akaenda kunipashia maji.

Sasa namsikia akikohoa chumba cha pili. Hii ni wiki ya tatu, na jana nilipomuuliza alinijibu, "Ni kidogo tu, dada."