Siku yangu ya zamu kwenye shule isiyo na uzio

Saa 12:20 asubuhi. Wiki hii mwalimu wa zamu ni mimi. Julai ya Dodoma ni baridi na upepo wa vumbi, nimevaa koti kama mtu wa Makambako. Shule yetu ya msingi iko pembezoni mwa jiji na haina uzio, ina mstari wa minyaa tu ambao watu na mbuzi wameutoboa kila wanapotaka kupita. Kabla ya paredi nazunguka kuona usiku umeacha nini. Leo ni chupa nyuma ya darasa la nne, alama za tairi za pikipiki katikati ya uwanja, na komeo la choo cha wasichana limeng'olewa tena. Hilo la komeo ndilo linaloniudhi.

Saa 2 mpaka saa 9. Vipindi, madaftari, uji. Aliyewahi kufundisha tangu elimu bila malipo ianze 2016 anajua darasa linavyojaa, sina la kuongeza.

Saa 9:30. Kengele imegongwa. Walimu wenzangu wanawahi daladala, na siwalaumu. Wasioondoka ni watoto.

"Mbona hamwendi nyumbani?"

"Nyumbani hamna mtu, madam."

Ni kweli. Mama yuko Soko la Majengo na mboga zake, baba yuko kwenye ujenzi kule Mtumba, ufunguo wa nyumba anao mmoja wao. Basi wasichana wanacheza rede, wavulana chandimu, na wadogo wanajificha kombolela kwenye madarasa ambayo hayafungiki. Leo nimesikia "Shikamoo madam!" ikitoka juu. Kuangalia, mtoto wa darasa la tatu yuko kwenye mnara wa tangi la maji, amekaa raha mustarehe. Nimeitikia marahaba kwanza, ndipo nikamshusha.

Kwenye vikao vya wazazi kila mara utasikia watu wa nje wafukuzwe uwanjani. Mimi kinachonitisha ni hili pengo la saa moja na nusu, wakati walimu wameshaondoka na watu wa mtaa hawajafika. Mtoto akianguka sasa hivi, ni nani wa kumbeba?

Saa 11. Wanaanza kuingia. Wazee wa timu ya veterani, akina mama wa jogingi, na vijana wanaojifunza pikipiki. Zamani viwanja vya wazi vilikuwa vingi huku. Serikali ilipoanza kuhamia, na Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, viwanja vilipimwa, vikauzwa, vikazungushiwa ukuta. Mtaani kwetu umebaki huu wa shule.

Kijana mmoja anamfundisha mwenzake gia katikati ya watoto.

"Mzee wangu, umemwona yule?"

"Niachie mimi, mwalimu."

Amepiga mluzi mmoja tu, pikipiki ikahamia nyuma ya goli. Mimi ningebishana naye mpaka magharibi, maana hanijui. Huyu mzee anamjua hadi babu yake.

Ndiyo maana nawataka hawa watu, ila kwa maandishi. Kamati ya shule ikae na mtendaji wa mtaa, ijulikane nani anaingia saa ngapi na nani analipa kioo kikivunjika. Kilipovunjika cha mwisho, kila kundi lilinyooshea jingine kidole.

Saa 12:40 jioni. Jua limezama. Amebaki binti wa darasa la pili. Mama yake anafika mbio, beseni kichwani.

"Nisamehe madam, gari zimesumbua."

"Pole, mama. Kesho atakaa na wale akina mama wa jogingi, nimeshaongea nao."

Saa 1 usiku. Mlinzi amefika, namkabidhi funguo.

"Kwaya wanaomba darasa la sita Jumamosi, mwalimu."

"Wana barua ya mtendaji?"

"Hawana."

"Basi waje nayo, babu. Na wakija, waulize kama kuna fundi kati yao. Lile komeo bado."