Loleza ilinishinda nikishuka

Kupanda nilipanda vizuri. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Mbeya wakisikia umetoka mlima Loleza unachechemea, wanadhani pumzi ilikata. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, tuko wanne, na kileleni, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, nilifika wa pili na bado naongea. Kushuka ndiko kulikoniumbua. Kabla hatujafika nusu ya mteremko mapaja yalianza kutetemeka, na kila nilipokanyaga goti la kulia lilitaka kulala ndani. Nilimalizia kwa kushika nyasi.

Jumatatu nilishuka kwenye daladala kinyumenyume, konda kanishika mkono. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mchakamchaka wa asubuhi naongoza mimi. Siku hiyo nilisimama pembeni ya uwanja, watoto wakazunguka wenyewe na nyimbo zao.

Mtu mmoja akaniambia niache mbio, eti mwanamke akishazaa wawili magoti yamekwisha. Maneno hayo yaliniuma kuliko mapaja. Na si kweli.

Wiki iliyofuata nilienda Umalila kumsaidia mama kuvuna viazi. Shamba lake liko juu kabisa ya mteremko, nyumba iko bondeni. Mama ana miaka 63. Alijitwika debe lake akatangulia, nami nikamfuata nyuma nikitazama miguu yake tu. Hatua zake zilikuwa fupi sana. Goti lilikuwa limekunjwa kidogo muda wote, halinyooki hata mara moja, na kisigino hakikupiga ardhi kwa kishindo. Uzito aliupokea kidogo kidogo. Mimi pale Loleza nilikuwa natupa hatua ndefu, goti limenyooka, kila hatua ni kipigo.

Unapopanda, msuli wa mbele ya paja hujikunja ukikusukuma juu. Unaposhuka, msuli huohuo unarefuka huku umebeba uzito wako wote. Kazi yake ni kukuzuia. Kazi hiyo ya kuzuia ndiyo inayochana nyuzi ndogo za msuli, na maumivu yake hayaji palepale, huja kesho yake na kukolea siku ya pili. Dereva wa lori anayejua mteremko wa Iwambi huweka gia nzito tangu juu, hangoji breki zichemke. Mimi nilikuwa nimefanya mazoezi ya kupanda miezi mitano, ya kushuka sikufanya hata siku moja. Kinachonifurahisha ni kwamba msuli ukishaonjeshwa kazi hiyo hujikinga. Mara ya pili hauumii kama ya kwanza, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa.

Kwa hiyo nikaanza na baraza la darasa, ambalo ukingo wake una kama sentimita 30. Mguu mmoja unabaki juu, mwingine naushusha nikihesabu hadi nne, kisigino kiguse chini kama kinagusa yai, kisha narudi juu. Mara nane kila mguu, seti tatu, dakika mbili za kupumzika katikati. Kivuli changu ndicho kilichonionyesha kosa. Jua la jioni hupiga ukuta wa darasa, na pale ukutani niliona nyonga ikichomoza pembeni kila nilipoteremsha mguu, goti likaifuata. Goti halikuwa na ugonjwa wowote. Nyonga ilikuwa dhaifu. Nilipojifunza kuituliza, goti likaacha kulala ndani lenyewe. Baada ya wiki tatu nikaongeza kiroba cha mchanga, kilo 15, nimekikumbatia.

Vigimbi navifanyia kwenye ukingo huohuo, mguu mmoja mmoja, kunyanyuka kwa vidole na kushuka polepole. Halafu nabeba dumu la lita 20 likiwa limejaa maji, yaani kilo 20, mkono mmoja. Mwili unataka kuegemea upande mmoja, nami naukatalia hadi nifike bombani, nageuza mkono, narudi.

Wakimbiaji wenzangu wengi wanaogopa mizigo, wanasema wataota misuli wawe wazito. Kufanya mazoezi hayo siku mbili kwa wiki, kwa uzito wa kutosha na marudio machache, huku ukiendelea kukimbia kama kawaida, hakukujazi mwili. Unachopata ni hatua isiyokula nguvu nyingi. Mimi nafanya Jumanne na Ijumaa. Mbio ndefu ni Jumapili, ili miguu ipate siku moja ya kupoa.

Hamu yangu kubwa sasa ni mbio za vikwazo. Kwenye zile za Spartan Race, zilizoanzia Marekani mwaka 2010, kuna kipande cha kubeba ndoo ya kokoto mlimani. Nilidhani kwa binti wa Umalila hilo ni jambo dogo, hadi nilipojaribu kwa kokoto zilizobaki kwenye ujenzi wa choo cha shule. Mzigo wa kichwani unasimama juu ya uti wa mgongo, kifua kiko huru. Ndoo ya kukumbatia inabana mbavu, unapumua nusunusu, na vidole vinaachia kabla miguu haijachoka. Viganja vyangu vilikufa ndani ya mita 80.

Miezi miwili baadaye nilirudi Loleza. Nilishuka kwa hatua za mama, fupi, goti limelegea, mgongo haujalala nyuma. Mapaja yaliuma kidogo Jumatatu, lakini mchakamchaka niliongoza.

Kikwazo cha kupanda kamba ndicho bado. Nimefunga kamba ya katani kwenye mparachichi wa nyuma ya nyumba, na nilikuwa najivuta kwa mikono mitupu hadi inatetemeka. Juzi ndipo nilipoelewa kwamba miguu ndiyo inayopanda: kamba inapita juu ya kiatu kimoja, kiatu kingine kinaikanyaga, unasimama, ndipo mikono inasogea. Nimeshafika nusu. Mvua za Novemba zikianza nitaijaribu ikiwa imelowa.